Mpiga Saksafoni Asiye na Uso

Kui mjukuu wangu,

Huku Shauri Moyo hatujambo, na mamako amepona kikohozi. Nimefurahi kwamba umetundika huko Mombasa nakala ya ile picha ya rangi za maji. Umeuliza mbona babu yako, mpiga saksafoni, hana uso.

Siku alipochorwa, ukumbini bendi yao ya jazi ilikuwa imechangamka. Babu yako alipomwona mchoraji akasimama wima, akakauka, jinsi tulivyozoea kwa mpiga picha. Wimbo ukakatika.

"Kaka, wewe piga tu!" mchoraji akamwambia.

Akapiga, akiyumba, na rangi ikayumba naye. Mimi nililalamika: uso uko wapi?

Leo namshukuru mchoraji huyo. Picha za studio ninazo, uso wote umo. Lakini ni hii tu ambayo nikiitazama, namwona akivuta pumzi.

Nyanya yako anayekupenda