Gari Ulilolivika Blanketi Lako

Mpendwa baba,

Kwa mdomo nisingeweza kukuambia haya. Unanijua, mbele ya watu maneno yangu hukwama kooni, na wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba nitaolewa na kamusi. Kwa hiyo naandika. Nimekaa mezani kwako karibu na dirisha, ukungu wa Butembo umeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani, na jamaa wote wako msikitini.

Ni kuhusu gari. Nusura tulipoteze. Nusura motere yake, yaani injini, ipelekwe Eringeti ikasage mihogo, na mama ndiye aliyetaka hivyo. Nataka uyasikie kwangu, tena kwa utaratibu, maana wengine wataanzia mwisho.

Mimi nitaanzia Masereka.

Likizo ile ulinichukua twende kupakia viazi, mama akiwa hataki. Tulipanda milima mchana kutwa, na kadiri tulivyopanda ndivyo vioo vilivyojaa mvuke. Tulipofika ulifanya kama ulivyofanya siku zote: uliegesha gari pua ikitazama chini ya mteremko, ukaweka jiwe mbele ya gurudumu, ili asubuhi betri ikikataa, mteremko usaidie. Kisha ukatoa blanketi lako, lile la kijivu lenye mistari miwili, ukafungua boneti ukaliweka juu ya motere na betri, ukalibana pembezoni kama mtu anayemfunika mtoto. Mimi ulinipeleka kulala kwa mama mwenye viazi, karibu na moto. Wewe ulilala kabini na koti lako.

Alfajiri nilikukuta umeshaamka, unasugua mikono, moshi unakutoka mdomoni.

"Profesa, kuja uguse," uliniambia, ukaniwekea kiganja juu ya boneti. "Unasikia? Hii mutoto ya batu iko na baridi."

"Na weye baba, hauna baridi?"

"Miye niko na damu. Motere iko na chuma tu."

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusoma sura ya joto darasani, nikakuambia kwamba kitabu chetu cha fizikia kinasema maji huganda kwenye sifuri, na Masereka haifiki sifuri. Wapakiaji walikuwa wamesimama na magunia begani. Uliwatazama kwanza, kisha ukanitazama mimi.

"Ile kitabu," uliniuliza, "imelala Masereka mara ngapi?"

Walicheka mpaka gunia moja likaanguka. "Profesa ameshindwa!" Nilijificha nyuma ya gari. Lakini ulinifuata, ukanieleza polepole kwamba kitabu kinasema kweli kuhusu maji, ila betri yetu ni mzee, na mzee akilala baridi, asubuhi anaamka na matusi. Ulifungua boneti, ukaondoa blanketi, ukanionyesha nguzo mbili za betri na jinsi ya kuzisafisha kwa maji ya moto. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu kwa upole ule.

Halafu kuna lile jarida. Ulilipata sokoni Beni, la Kifaransa, kuukuu, limekatika jalada, ukaniletea kwa sababu lilikuwa na picha ya gari lililofunikwa theluji mpaka kwenye vioo. Jioni nilikutafsiria makala yote: namna ya kulinda gari wakati wa majira ya baridi huko Ulaya. Ulisikiliza kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Waliposema dereva afunge minyororo kwenye magurudumu asiteleze, ulipiga goti lako kofi.

"Si njo vile tunafanyaka kwa matope? Theluji yao iko nyeupe, yetu iko nyekundu. Ni hiyo tu."

Nilipofika pahali wanaposema betri ifunikwe isipoteze nguvu, ulimwita mama kutoka jikoni aje asikie kwamba hata wazungu wanafunika.

Mama alikuja na mwiko mkononi. "Bale bazungu banafunika gari na blanketi yao ya kulalia?"

"Kitabu haikusema ni blanketi gani."

"Basi enda ulale na mukewenza wangu. Yeye njo unafunikaka. Miye nitajifunika kitenge."

"Mama Zaina, weye uko na joto ya kutosha. Ukikasirika tunaweza kupikia chai juu yako."

Alikurushia kitambaa cha jikoni, naye alikuwa akicheka. Nakumbuka sana kwamba alikuwa akicheka, kwa sababu baadaye watu wakasema mama alilichukia gari tangu zamani. Si kweli. Alilitania, kama mtu anavyomtania jamaa anayekula sana.

Ulirudi kutoka safari ya mwisho na homa. Mama alikuvua koti, akalikuta limelowa, akauliza blanketi liko wapi. Ukasema kwa sauti ndogo, "Iko kwa gari." Sijui kama ulikuwa na nafasi ya kusema jambo jingine kwake baada ya hapo. Hospitalini daktari alitueleza sisi sote kwamba mapafu yako yalikuwa yamechoka kwa muda mrefu, kwamba baridi ya safari moja isingetosha kumwangusha mtu mzima. Lakini mama hakumsikia daktari. Alikuwa ameshasikia lile neno moja lako, na ndilo lililobaki naye.

Wanaume walipotoka kukuzika, mama alisimama mlangoni na kusema, "Mutu asiguse ile gari." Hakupaza sauti. Kisha akaingia ndani, akaanza eda.

Baba, sikujua kwamba gari linaweza kufa kwa kusimama. Nilidhani linakufa kwa ajali, au kwa kukosa mafuta. Kipindi chote cha eda ya mama nililitazama kutoka dirisha hili. Mvua zilinyesha juu ya turubai lililolifunika, turubai likashuka katikati na kutengeneza bwawa. Gurudumu la nyuma liliishiwa pumzi polepole, hata gari likaonekana limeegemea upande mmoja. Kuku wa jirani walianza kutaga chini yake. Na pale mbele, kwenye maandishi uliyopaka kwa mkono wako, WASINGYA, yaani asante kwa Kinande chetu, pakaota kuvu ya kijani. Nilijua kila kitu kilichopaswa kufanywa, kwa sababu ulinifundisha: kuliwasha kila baada ya siku chache, kutoa betri na kuiweka ndani pakavu, kusogeza magurudumu yasikae mahali pamoja. Na sikuthubutu kuvuka ua. Nilikuwa nikisoma lile jarida badala yake, kama vile kusoma kungefanya kazi.

Eda ilipokwisha, jamaa walikutana sebuleni. Baba mdogo Shabani alitoka Beni. Shangazi alikuwepo pia. Mimi nilikuwa nikigawa chai.

Baba mdogo alianza kwa heshima. Alisema gari linaoza na ni aibu kwa jina lako. "Kuko mutu moja kule Eringeti," akasema. "Anataka motere peke yake. Atafunga kwa mashine ya kusaga mihogo. Kabini hataki."

"Na ile ingine yote?" shangazi akauliza.

"Ile ingine ni mabati tu."

Wote walimtazama mama. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Alisema, "Bakuje bakamate. Hata kesho. Ile kitu ilikula bwana wangu. Sasa iende ikule mihogo."

Ningeendelea kugawa chai. Ndivyo ninavyofanya siku zote, nasikia, nanyamaza, kisha nakwenda kuandika. Lakini niliona kichwani ile motere imefungwa juu ya saruji kwenye kibanda, haiendi popote, inalia tu mchana kutwa, na nikasikia sauti yangu.

"Mama, gari haikuomba blanketi."

"Zaina," baba mdogo akasema, "batu bakubwa banazungumuza."

"Haikuomba. Ni baba alipenda kuipa. Hata ungemuficha ile blanketi, angevua koti aiweke." Vikombe viligongana kwenye sinia, shangazi akaipokea sinia. "Dokta alisema mapafu ilichoka zamani. Sote tulisikia. Gari haikufanya kitu, mama. Uko unaikasirikia bure."

Nilidhani mama atanifukuza. Tangu msiba hakuwa amelia mbele yetu; alikuwa akilia chumbani, kwa adabu. Sasa alilia palepale mkekani, mdomo wazi.

"Haiko gari," akasema. "Miye najua haiko gari. Namukasirikia yeye. Baba yako. Kwa nini hakujifunika? Mutu muzima! Kwa nini hakujifunika?"

Wewe tu ndiwe ungeweza kujibu, baba, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa muda wote ule mama alikuwa akigombana na wewe, nawe humjibu.

Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamwambia shemeji yake, "Iwashe. Ikiwaka, inabaki. Ikikataa, yule mutu wa Eringeti akuje."

Tulitoka wote. Turubai liliondolewa, bwawa likamwagikia viatu vya baba mdogo. Jirani alileta pampu kwa ajili ya gurudumu. Betri haikutoa hata mlio. Lakini uliliegesha pua ikitazama geti, na nje ya geti kuna mteremko. Ulitutayarishia bila kujua. Jiwe lilikuwa limezama kwenye udongo, tukalichimba kwa jembe. Vijana wa mtaa walikuja kusukuma huku wakiimba na kutaniana: "Sukumeni, nyinyi mulikula viazi yake!"

Likateremka. Baba mdogo akaachia klachi, gari likaruka mara mbili, likasimama. Kimya. Tulikuwa tumebakiza kipande kifupi tu cha mteremko. Chini ya hapo barabara inakuwa tambarare, na kwenye tambarare gari lisilo na betri ni kama nyumba.

Mama alikuwa ametoka mpaka getini.

Nikaenda dirishani kwa baba mdogo. Nilimwambia kwamba gari limekaa sana, bila shaka hewa imeingia kwenye bomba la mazuti, yaani dizeli, na wewe ulikuwa ukifungua skrubu ndogo juu ya chujio na kupampu kwa mkono mpaka povu liishe. Alinitazama, akashuka, akafungua boneti. Blanketi lako lilikuwa bado humo, baba. Alilitoa, akanipa nilishike. Akapampu mpaka mazuti yakatoka safi.

Wakasukuma tena. Karibu kabisa na mwisho wa mteremko likakohoa. Niligeuka nikamwona mama ameziba mdomo kwa mkono. Likakohoa tena, moshi mweupe ukafunika vijana wote, kisha sauti ikajaa, ikatulia, ile sauti ambayo nilikuwa nikiisikia kitandani na kujua kwamba umefika nyumbani.

Watu walipiga kelele. Baba mdogo akataka kulizima akague maji ya radieta.

"Musiizime," mama akasema.

Alishuka barabarani na ndara zake za jikoni, akafungua mlango wa abiria, akapanda. Hakutuambia anakwenda wapi. Baba mdogo aliendesha taratibu hadi kwenye mzunguko wa magari na kurudi, naye mama alikaa amenyoosha mgongo, kiganja kimoja juu ya dashibodi. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja jikoni kupika. Yule mtu wa Eringeti alipigiwa simu asije.

Sasa gari linafanya kazi. Baba mdogo alituletea dereva, kijana wa Luofu anayeitwa Kakule, mtu wa heshima ila ana haraka. Anapanda Masereka, anarudi na viazi na kabichi. Beni anakwenda njia ikiwa salama; mama ndiye anayepiga simu kuulizia kwanza, na akisema hapana ni hapana. Tumenunua betri mpya. Mimi nasafisha nguzo zake kila Jumapili.

Nisikudanganye, si kila kitu kiko sawa. Kuna siku gari likiingia getini natoka mbio, na aliye kwenye usukani ni Kakule, na inanibidi nijifanye nimetoka kumsaidia kupakua. Sijui kama jambo hili litaisha. Mama naye bado anagombana na wewe. Namsikia akipepeta mchele: "Na chumvi hukusema iliisha." Siku hizi anagombana kwa sauti ya kawaida.

Juzi asubuhi kulikuwa na baridi kali na ukungu mzito. Kakule alipanda, akawasha, na papo hapo akakanyaga mafuta, motere ikanguruma. Mlango wa jikoni ukafunguka kwa nguvu.

"Weye kijana! Acha kwanza mafuta ya motere ipande! Utaikimbizaje na haijaamuka? Weye ukiamuka, unakimbiaka bila kunawa uso?"

Kakule aliondoa mguu haraka, akaniangalia mimi kama vile nimsaidie. Sikuweza, baba, nilikuwa nimeduwaa. Maneno yale ni yako, neno kwa neno, hata lile la kunawa uso. Hukuwahi kumfundisha mama motere, na sikuwahi kumwona amesimama karibu unapozungumza habari hizo. Alikuwa jikoni tu, miaka yote, na mlango ulikuwa umefungwa.

Alisimama pale barazani, mikono kiunoni, akisikiliza motere mpaka ikatulia. Kisha akamwashiria Kakule kwa kidevu kwamba sasa anaweza kwenda.

Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko.

Binti yako,
Zaina