Kikopo cha Shemeji

Shangani, Mtwara
Jumanne, 14 Aprili

Kwako dada Husna,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mihogo yenu ya bondeni haikuzolewa na maji. Sisi huku hatujambo. Shangazi Asia naye hana homa wala maumivu, ila amekonda sana. Habari zake nitakueleza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata nafasi ya kunyamaza.

Shemeji Sudi anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Jana nilikwenda kumtazama hospitali. Homa imekata, uji anamaliza, na daktari amesema huenda akaruhusiwa Ijumaa. Mpira waliomwekea ubavuni umeshatolewa.

Siku walipolivuta lile jipu la kwenye ini ulikuwa umerudi Mahurunga kwa ajili ya watoto. Mimi nilikuwepo. Dada, nina miaka tisa kwenye maabara, nimepima makohozi na majimaji ya vidonda vilivyooza, lakini kilichotoka pale kilinishinda. Kilikuwa kizito, cha rangi ya udongo, kama uji wa ulezi uliolala siku mbili. Nilimwambia daktari kwamba sijawahi kuona usaha wa namna ile. Akanijibu kuwa ule si usaha hasa, ni ini lenyewe limeyeyushwa. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya watu.

Siku hiyohiyo wakapima choo chake. Mpimaji wao, Irene, nilisoma naye chuoni. Alikipokea kikiwa bado na joto, akakipaka kwenye kioo papo hapo, kisha akaniita nitazame kwenye hadubini. Nikaiona amiba.

Haina mdomo wala meno, Husna. Ni tone tu lililofunikwa na utando mwembamba, linajivuta taratibu kama kamasi inayojua inakokwenda. Ikaifikia chembe nyekundu ya damu. Chembe ile ni kubwa mno kupenya kwenye utando, basi utando wenyewe ukajinyoosha huku na huku, ukaizunguka, ncha zikakutana zikafumba, na chembe ikabaki ndani, imefungiwa kwenye kifuko. Humo ndani tayari zilikuwamo nyingine sita, zote damu ya mume wako. Irene akanikumbusha tuliyofundishwa: kifuko humwagiwa vimeng'enya, chembe inayeyuka, kinachofaa kinafyonzwa, na makapi husogezwa hadi ukingoni. Hapo kifuko huungana na utando, hufunguka na kuyatupa nje. Kwa njia hiyohiyo ya kutupa nje, amiba humwaga na sumu zake za kuyeyushia nyama ya utumbo. Ndivyo ilivyojitobolea njia mpaka kwenye ini. Irene aliongeza kwamba hata chembe nyeupe za damu zetu humeza wadudu kwa namna hiyo ili zitulinde. Sikufarijika. Tangu siku hiyo kila kitu laini kinanitia kinyaa. Hata bamia siwezi kuitazama.

Sasa nikueleze kuhusu Shangazi. Mwezi wa pili wewe ulimfukuza nyumbani kwako. Uliniambia kwamba majibu ya maabara yalionyesha Sudi hana kitu, kwa hiyo ule ni mkono wa mtu, na aliyekuwa akimpikia ni Shangazi peke yake. Alifika hapa kwangu na begi moja, mvua imemlowesha. Hadi leo hashiki mwiko. Nikimwomba anisaidie kupika anasema ataosha vyombo tu, maana nikiumwa tumbo atasemwa tena. Mzee wa miaka sitini na nane ananiinamia na birika kuninawisha mikono, na mimi namruhusu.

Dada, majibu yale niliyaandika mimi, na yalikuwa ya uongo.

Siku ile Sudi alikuja zahanati kwetu Mikindani karibu na saa sita. Alinipa kikopo kimezungushiwa gazeti, hakunitazama usoni. Unajua haya iliyopo kati ya shemeji na shemeji. Nilipokifungua nikaona kamasi na damu, harufu ikanipanda kichwani. Nikakifunika, nikakiweka dirishani, nikaenda kula. Nilikaa huko saa mbili nzima. Najua fika kwamba choo cha namna ile kinatakiwa kipimwe kingali na joto, kikipoa amiba hufa na hutaiona tena. Niliporudi sikukipaka kwenye kioo hata kidogo. Nilikitupa, nikaandika kwamba vimelea havikuonekana. Sudi alishukuru kwa adabu, akaenda zake na ugonjwa wake tumboni.

Nimetazama matapishi, kinyesi na ini lililoyeyuka, na hakuna hata kimoja kilichonichefua kama mwandiko wangu kwenye ile karatasi.

Jumamosi nilimweleza mganga mkuu wetu, Daktari Anold. Amenitoa maabara na kuniambia nisubiri uamuzi. Leo asubuhi nikamweleza Shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo siku niliyofika hapa nimelowa, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu, "Kuhusu amiba nilikuwa sijui, Shangazi. Lakini nilijua kwamba sikupima."

Akakunja khanga yake, akatoka. Amekaa barazani, hataki chai yangu.

Shangazi hakumroga mtu, Husna. Ugonjwa ulitoka kwenye maji. Chemsheni ya kunywa, hata yakionekana meupe, na uje na watoto wote wapimwe. Irene atawapima, si mimi.

Shemeji bado sijamwambia. Nitamwambia kesho, ana kwa ana. Wewe nakuomba jambo moja tu: ukija kumchukua Ijumaa, anza kupita hapa. Usimtume mtu na usimpigie Shangazi simu. Shangazi umwombe radhi wewe mwenyewe kwa mdomo wako, na mimi nitakuwa nimesimama palepale nisikie. Ukitaka kunipiga, nipige baada ya hapo.

Wasalimie watoto. Nimeshindwa kumaliza kwa maneno mazuri.

Mdogo wako,
Saida