Watoto Wamekataa Kula na Kabula

Jumamosi, 8 Juni
Nimeanika mtama. Mgongo unauma. Mjukuu wangu Boke kaja na kundi lake, wasichana sita nyuma yake kama vifaranga. Tangu baba yake apate dhahabu maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, ana biskuti za Sirari, kule mpakani, za kugawa. Biskuti zina marafiki wengi. Kabula alibaki nje ya ua. Mtoto wa wageni, wametoka Usukumani, mama yake anaosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Wanamwita Zebaki. Eti ukimgusa unaoza vidole. Sikupenda.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nimewaita wote, na Kabula. Ugali wa mtama, sinia moja. Ndivyo tulivyolelewa: mliokula pamoja hamtukanani. Kabula alipomega tu, mikono ya wenzake yote ikatoka siniani.
"Mke mwenzangu, kula," nikamwambia Boke, utani wetu wa bibi na mjukuu.
"Nimeshiba, bibi."
Muongo. Tumekula mimi na Kabula, anatafuna huku machozi yanamtoka. Nimekosea. Nilidhani sinia litafanya kazi yenyewe. Nimemwaibisha mtoto wa watu.

Jumanne, 11 Juni
Sasa wanasema hata sinia langu lina zebaki. Mama Kabula nimemkuta kisimani. Hakunipa shikamoo. Kasema tu, "Mwanangu hataki tena shule."
Jioni nimemwambia Boke: baba yako anashika zebaki hiyo hiyo. Viatu vyako vimetoka humo. Mbona yeye unamkumbatia? Hakunitania hata kidogo. Nampenda, lakini leo kanichukiza.

Alhamisi, 13 Juni
Boke alipita mwenyewe kwa kina Kabula asubuhi, wakaenda shule pamoja. Sikumtuma. Jioni wamerudi wawili tu. Wenzake walipokea biskuti kwanza, wakala, ndipo wakamwambia, "Na wewe umeoza." Boke amelia jikoni mpaka kwikwi. Moyo wangu ulitaka kumwambia awarudie wale. Nikauma ulimi.

Jumamosi, 15 Juni
Kundi linacheza kwa jirani. Kelele zinafika hapa. Boke na Kabula wameleta kamba ya kuruka. Kamba inataka wawili wa kuzungusha na mmoja wa kuruka. Wakanitazama. Nimeshika upande mmoja mpaka ng'ombe wakarudi. Bega limekwisha. Maharage yameungua. Kabula hajui kuruka. Boke alimcheka, naye akajicheka.