Nywele Zangu Zimebaki Kinondoni

Dada Nyamizi, shikamoo.

Nimemaliza dripu ya tatu ya dawa za saratani yangu ya ngozi, ile adimu iliyoanza shavuni tukadhani jipu. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye mto kila asubuhi, basi nikazinyoa zote.

Jana jirani yetu hapa Kinondoni, mama wa kwetu Tabora anayeuza mitumba, alikuja kunijulia hali. Aliponiona kipara akajifunga kanga kiunoni, akakaa sakafuni, akaanza kulia. "Masikini mwanangu, nani katutoka?" Simlaumu. Kwetu mwanamke hanyoi hivi bila msiba. Nikamwambia hajafa mtu, mama, ni dawa tu. Akafuta machozi, akaomba mafuta ya nazi, akanipaka kichwani taratibu, kama ulivyokuwa unanipaka wewe Jumamosi pale kizingitini, umenibana kwa magoti huku ukinifokea nitulie.

Uvimbe umeanza kunywea. Nibusie watoto, na kile chanuo chetu cha mti usimpe mtu. Zikiota tena nakuja kukaa hapo chini, na safari hii nitatulia.

Mdogo wako,
Kabula