Kaka, Ulanga Ule Uliufuata kwa Ajili Yangu

Kaka Nkwabi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa hapa kwa Mama, Shinyanga. Pamba imeanza kupasuka, naye ameshakwenda shambani. Asubuhi hii nimesikia tena nyundo yako ikigonga chini ya ardhi, mara tatu, kisha kimya. Huwa naisikia hata nikiwa darasani nafundisha.

Unakumbuka likizo ile, kabla ya vita vya Kagera? Nilikuwa nasoma jiolojia, nimetumwa kutafuta umri wa miamba ya Geita. Wewe ulikuwa umechimba dhahabu kule miaka mingi, ukasema utanipeleka kwenye shimo la zamani ambalo kuta zake zinametameta ulanga, yale madini ya vigamba vyembamba kama kioo. Njiani uliniuliza jiwe linatajaje umri wake. Nikakueleza kwamba mwamba ule ulizama chini sana, ukaminywa na kupata moto, na ulipopoa, ulanga ukaanza kufungia ndani yake gesi iitwayo agoni, inayozaliwa kidogo kidogo kutokana na potasiamu. Ukiipima gesi hiyo, unaijua miaka. Ulicheka, ukasema kumbe hata jiwe huweka mambo moyoni.

Uliingia ukatoka na kipande. Nilipokigeuza nikaona kimeoza kwa maji ya mvua. Gesi yake ilikuwa imeshavuja. Ulisema dari ya shimo huiamini. Mimi nikakujibu, "Kaka, hiki hakifai. Ingia ndani zaidi kidogo."

Hukubisha. Nilisikia nyundo mara tatu, kisha ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu. Wachimbaji walipokutoa jioni, ulikuwa umelikumbatia jiwe kifuani. Lilikuwa zima, linang'aa.

Nililipeleka, kaka. Lilikwenda maabara ng'ambo, na jibu likaja kwamba ulanga ulikuwa safi, haujapoteza kitu. Nilipata shahada kwa jiwe lile.

Mama aliponiuliza kwa nini ulirudi shimoni, nilimwambia ulikuwa umesahau nyundo. Tangu hapo Mama alimwambia kila aliyekuja kumpa pole kwamba wewe, mwanawe, uliuawa na uzembe wako mwenyewe. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nikiwamiminia wageni chai.

Juzi nilimwambia ukweli. Alikuwa anapepeta choroko. Alimaliza ungo wote, ndipo akauliza, "Alikuambia dari ni mbovu?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukamrudisha."

"Ndiyo, Mama."

Aliuweka ungo chini. Kisha akasema, "Kumbe mwanangu hakuwa mzembe."

Akajifunga khanga, akatoka kwenda kuwaambia majirani, nyumba kwa nyumba. Aliporudi alinipakulia chakula kama kawaida. Ila tangu siku hiyo hajaniita kwa jina langu.

Sikuombi unisamehe, kaka. Nilitaka tu ujue kwamba hapa nyumbani sasa unatajwa vizuri. Lala salama.

Mdogo wako, niliyekurudisha ndani.