Vikorokoro vya Mheshimiwa

3 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo, na Mama umfikishie shikamoo yake. Nimefika salama, afya ninayo, roho ndiyo nimeiacha huko. Mtoto hajambo? Maziwa ya chupa ameyakubali au anayasusa?

Kazi nimeanza. Ni chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo, hakina hata dirisha. Mashuka yanateremka kwenye bomba kutoka ghorofani, ukizubaa yanakufunika. Wenzangu ni watu wazuri.

Juzi nilitumwa kupeleka mataulo juu. Nikaona mtoto wa mgeni mmoja, rika la wangu, miezi mitano hivi, amezungukwa na midoli: huu unaimba, ule unawaka taa. Nikaganda pale mlangoni mpaka mwenye chumba akaniuliza kama naumwa. Wangu anachezea nini, Baba? Msimwache akatazama dari kutwa nzima.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na Mama yako anaitikia kutoka jikoni. Sisi wazima, mgongo wangu tu ndio unaonikumbusha umri. Ni heri tuandikiane. Siku ile ya simu wewe na Mama yako mlilia mpaka ikakatika, nikabaki nimeshika kipande cha plastiki. Barua hailii.

Umeuliza Mheshimiwa anachezea nini. (Hilo ndilo jina lake hapa. Anabebwa, analishwa, hasemi asante, na akinuna nyumba nzima inakaa kikao.) Mama yako alipoisikia barua yako aliinuka. Akafungua kabati, akaanza kutoa vitu kama mtu anayehama. Akachukua chupa ya plastiki, akatia maji, mafuta kidogo ya kupikia, vifungo vya koti langu na shanga zake zilizokatika uzi. Mimi nikafunga kifuniko kwa gundi yangu ya kazini, nikaibamiza sakafuni kwa nguvu zangu zote, haikufunguka. Mheshimiwa akiigeuza, vifungo vinashuka polepole na mafuta yanapanda, naye anasahau kufumba mdomo. Nimetengeneza redio maisha yangu yote, sijawahi kumwona mteja akitazama kitu namna ile.

Kisha kuna mkanda wa vitambaa: kipande cha gunia, cha taulo, cha lile kochi la zamani lenye manyoya, na cha hariri ambacho Mama yako hasemi amekikata wapi. Mheshimiwa anavipapasa kimoja kimoja kama fundi cherehani anayekagua mali. Na kuna kopo tulilotia maharage makavu, tumelifunga pande zote. Hilo halipendi kwa macho, analipenda kwa kukumbatia tu.

Halafu ni jasiri! Jana transfoma nzito ya redio iliniponyoka, ikaanguka nyuma yake, paka akaruka juu ya meza. Yeye hata jicho hakupepesa. Huyu atakuwa mkuu wa jeshi.

Baba yako

8 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Ile habari ya transfoma nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nakuomba ufanye kitu kimoja. Mheshimiwa akiwa amekaa, kaa nyuma yake. Asikione kivuli chako, wala usikanyage sakafu kwa kishindo. Piga kopo kwa kijiko. Mwite. Kisha unijibu ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nikikumbuka sasa, hata nilipokuwa naye alikuwa akishtuka nikiingia machoni pake, si nikiita. Nilidhani ni mtoto wa mawazo mengi.

Binti yako

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tuko hai. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoandika mstari wa kwanza niliuchana.

Tulifanya ulivyosema. Nilipiga kopo, nikapiga sufuria, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Akaendelea kucheza na kile kipande cha gunia. Mama yako akaninyang'anya kijiko, akasema, "Unapiga vibaya!" Akapiga yeye. Kisha akakaa chini.

Hospitali walimpima wakiwa wapole sana. Mwanangu, Mheshimiwa hasikii. Daktari anasema amezaliwa hivyo, na kwamba si kosa la mtu yeyote. Hilo la mwisho alilirudia huku akimtazama Mama yako, kwa kuwa Mama yako alikwisha kuanza kujitafutia kosa.

Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kuzika. Lile kopo la maharage Mama yako alilitupa nje. Mimi niliingia karakanani, nikatazama rafu zangu: redio juu ya redio, spika za kila ukubwa. Maisha yangu yote nimefufua sauti za watu wengine, na mjukuu wangu wa kwanza hana mlango wa kuingilia sauti. Nilitamani kufunga karakana siku ile ile.

Sasa nisikilize. Wiki iliyofuata mteja alikuja na haraka zake, anataka ile spika kubwa ya besi. Mama yako alikuwa sokoni, basi nikampakata Mheshimiwa, nikaiwasha spika niijaribu. Akanyoosha mkono, kama anavyopapasa kila kitu, akaulaza juu ya ile karatasi nyeusi inayotetemeka.

Akaganda. Mdomo ukafunguka. Alinitazama mimi, akautazama mkono wake, akanitazama tena. Kisha akacheka, si kile kicheko cha kutekenywa, bali kicheko cha kutoka tumboni ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nikapunguza sauti, akakandamiza vidole akiitafuta. Nikaongeza, akapiga miguu. Wimbo ulipofika penye ngoma, akaanza kupepesa macho kwa mapigo yale yale!

Mteja alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kofia. Akasema, "Fundi, hii spika nitaifuata wiki ijayo."

Mama yako aliporudi nilimwonyesha. Alitoka nje na tochi, ingawa jua lilikuwa bado halijazama, akatafuta kopo la maharage kwenye majani mpaka akalipata. Kumbe mtoto hakuwa analikumbatia bure. Alikuwa akiyahisi maharage yakitembea ndani.

Baba yako

29 Aprili

Baba, na Mama,

Shikamooni. Niko mzima. Nimelia, nimenyamaza, nimelia tena, na msimamizi wangu amenikalisha akaninywesha chai.

Nina hasira ambayo sijui nimwelekeze nani. Kila jioni ya ule ujauzito nilimwimbia. Nilikuwa namwimbia nani, Baba?

Lakini nikuambie. Jana nilibaki peke yangu na ile mashine ya kufulia kubwa kuliko zote. Ilipoanza kukamua, niliziba masikio kwa vidole, nikaegemeza paji la uso kwenye mlango wake. Mwanzo nilihisi mtetemo tu. Kisha ukaanza kugawanyika. Kulikuwa na mzito unaopita kwenye meno, na mwembamba unaokimbia puani, na mwingine wa polepole, unakwenda na kurudi kifuani. Nimefanya kazi kando ya mashine ile miezi hii yote na sikujua kama ina mambo mengi hivyo. Nilipofungua macho wenzangu walikuwa wamerudi, wamenizunguka wakidhani nimepigwa na shoti ya umeme. Nikawaambia, "Jaribuni." Baba, walijaribu! Tulikuwa wanawake wanne, mapaji ya uso yameegemea mashine.

Basi huko ndiko anakoishi mwanangu. Si kimya kama nilivyodhani.

Nimeomba kuondoka kabla ya mkataba kwisha. Ila nina hofu moja inayonila: nikirudi atanijua vipi? Nimeondoka angali mchanga, na sauti yangu hajawahi kuisikia.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Mheshimiwa ana meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole changu cha kazi.

Kuhusu hofu yako, Mama yako anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie aache ujinga, aje." Nimeandika.

Nyumba imekuwa uwanja wa vikorokoro. Sufuria iliyopinduliwa Mheshimiwa anaikalia, bibi yake anaigonga pembeni. Nimefunga spika ndogo chini ya ubao wa kukatia mboga, ukiwasha ubao wote unanguruma, analala juu yake kifudifudi kama mjusi anayeota jua. Vitunguu tunakatia kwenye sahani.

Kuna mwalimu anayekuja kutufundisha lugha ya mikono. Yeye mwenyewe hasikii. Siku ya kwanza nilimpigia kelele nikidhani nitamsaidia. Mama yako alinikanyaga mguu. Ametufundisha "maziwa", "njoo", na "tena"; hiyo ya mwisho ncha za vidole zinagonga kiganja. Tumekuwa tukiyafanya mbele ya Mheshimiwa kila siku, naye anatutazama kama watu waliochanganyikiwa.

Jumanne nilizima ubao ili nile. Akaketi. Akautazama ubao, akanitazama. Kisha akaleta mkono mmoja, vidole vimekunjwa kama ua lililofumba, akavigonga kwenye kiganja cha pili. Alikosea kidogo, akagonga karibu na kifundo cha mkono. Akarudia.

Tena.

Neno lake la kwanza, mwanangu. Chakula kilipoa. Niliwasha, nikazima, akasema tena, nikawasha. Mama yako alikaa sakafuni akimwangalia, akasema, "Anaongea. Mtoto anaongea nasi." Nimekaa na sauti miaka yote hii, wala sikujua kwamba neno linaweza kuonekana likizaliwa.

Nimekuchorea mikono hiyo nyuma ya karatasi. Jifunze kabla hujafika.

Baba yako

19 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo, mwanafunzi! Mama anauliza kama hayo madawati ya kozi yako ya lugha ya mikono yanakutosha magoti, na kama mwalimu amekwisha kukutoa nje kwa utundu. Hapa hatujambo.

Uliondoka asubuhi ile, siku chache tu baada ya mimi kurudi nyumbani, nikiwa bado najificha nyuma ya tabasamu, ukaniona. Ulikuwa unajua. Mheshimiwa hakunijua. Nilimfanyia "njoo" mpaka mabega yakauma. Alinitazama kwa adabu kama mgeni aliyekosea nyumba, akatambaa kwa Mama. Nilipomkumbatia alijinyonga, akalia. Mama alisema, "Mpe muda." Nikajibu nampa. Kisha nikaenda kuoga ili nilie kwa nafasi.

Leo mchana mbingu ilikuwa nyeusi. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Mimi na Mheshimiwa tulikaa sakafuni, mbalimbali, kila mtu na mambo yake. Radi ikapiga, si ya kuchekesha, vikombe viliruka kabatini. Nilikimbia kumchukua nikidhani ameogopa.

Hakuwa ameogopa, Baba. Alikuwa amelaza viganja vyote viwili sakafuni, macho yamemtoka, anausindikiza ule mngurumo ukitembea chini ya nyumba mpaka ukaishia mbali. Sijawahi kumwona mtu akiwa makini namna ile. Kisha akageuka akatafuta wa kumwambia. Nilikuwepo mimi tu.

Akatambaa mpaka kwangu. Akanishika mkono, akauvuta, akaulaza sakafuni, na juu yake akaweka wake. Tukangoja. Radi ikaja tena, ikapanda kwenye sakafu, ikaingia kiganjani mwangu mpaka kwenye kiwiko. Akainua uso akanitazama, nyusi juu, kama anayeuliza: na wewe umeipata?

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikagonga kiganja: tena.

Akapanda mapajani pangu, akaketi, tukaingoja pamoja.

Binti yako