Treni Haipunguzi Tena kwa Baba

Shanelle ndugu yangu, wameondoa kile kibao. Kile cha mwendo wa maili kumi kwa saa, pale kwenye kona ya handaki alipofia baba.

Mama hakuwa na habari. Alikaa behewa la mbele kama kila Jumapili, uso kiooni, akingoja treni inyate ili asome OVID, jina la baba ambalo mafundi wenzake wa reli waliliandika ukutani kwa rangi. Treni ikapita kama mshale. Jina likawa mstari mweupe tu.

Mama akaruka, akaugonga mlango wa dereva kwa ngumi. "Punguza! Punguza, unampita!"

Jamaa mmoja akacheka. "Bibi wee, miaka yote tunalia treni zinatambaa, leo imekimbia unalia wewe?"

Unampita. Alisema hivyo, Shanelle. Unampita.

Kituoni dereva akafungua dirisha. "Mama, reli imeshatengenezwa, sasa ruhusa ni maili thelathini. Siwezi kutambaa, nyuma yangu kuna treni."

"Mume wangu yuko pale ukutani."

Dereva akageuka kutazama handaki. Kisha akasema, "Ovid? Basi tukirudi nitampigia honi, kama tunavyowapigia mafundi wakiwa relini."

Unakumbuka baba alivyotuambia? Fundi akisikia honi huinua taa, dereva ajue amesikika.

Tukaenda na dereva huyo hadi mwisho wa njia, tukarudi naye. Kwenye kona akapiga honi mbili.

Mama akabandika uso kiooni, akakodolea macho giza, akingoja taa.